Shikamoo Katika Njia ya Vumbi

Skolastika Mbilinyi alikuwa ameshachoka kuambiwa kwamba maoni yake yanathaminiwa.

Aliambiwa hivyo mwezi wa pili, alipopeleka Kiapo cha Njia Moja kwa mara ya kwanza. Akaambiwa tena mwezi wa tano. Mwezi wa nane nadhani waliona haya kidogo, wakamwambia yanathaminiwa sana. Na leo, Jumamosi asubuhi, amekaa juu ya ndoo tupu ya rangi ndani ya kibanda cha mnara wa Ihanga, ukungu umeumeza mlima mzima, huoni hata miparachichi ya pale chini, na sauti laini ya kampuni ya Wepesi inamwimbia wimbo ule ule.

"Maoni yako yanathaminiwa, mpendwa mteja."

"Mteja gani? Mimi ni fundi wenu!" Skolastika alifoka. "Miaka kumi na tisa naupanda mnara huu. Nipe mtu. Mtu mwenye pua na masikio."

Sauti ikamshukuru kwa uvumilivu wake. Uvumilivu! Kama ungekuwa unauzwa sokoni, Skolastika angekuwa hana hata wa kuonjesha.

Na Kiapo chenyewe, jamani, hakikuwa na makuu. Ukurasa mmoja. Kilizitaka kampuni tano zinazopitisha mawasiliano ya nyanda za juu ziahidi kwa maandishi, mbele ya watu, kwamba kila neno linaloingia katika mitambo yao litapita sawa na neno jingine, bila kuulizwa linatoka kwa nani, linakwenda kwa nani, wala linahusu nini. Vijiji arobaini na kimoja vilishatia dole gumba. Kampuni nne zilisema zitasaini, mradi Wepesi waanze. Wepesi wakasema wanathamini.

Shida yote ilikuwa Bawabu.

Bawabu alikuwa kadi tu, kubwa kama kiganja, iliyochomekwa katika mtambo wa kila mnara na kufungwa kwa lakiri nyekundu. Kazi yake ni kusikiliza. Mtu akianza kuzungumza, Bawabu humsikiliza sekunde kumi na mbili, kisha humpangia njia. Akiona mazungumzo yana uzito, humpitisha njia ya lami: sauti safi, picha safi, hakuna kukwama. Akiona ni porojo, humtupa njia ya vumbi, akasubiri huko na wenzake. Halafu kila baada ya dakika kumi husikiliza tena, asije akawa amedanganywa.

Sasa, aliyemfundisha Bawabu kupambanua uzito na porojo hakuwa mtu wa huku. Alimfundisha kwamba mwenye jambo zito huanza na jambo lenyewe. Mtu wa Ihanga, hata nyumba ikishika moto, ataanza na kamwene, salamu ya huku. Ataamkia wakubwa, ataulizia watoto, baridi, mvua na mguu wa bibi, ndipo aseme, "Basi na sisi huku hatujambo, ila nyumba inaungua." Kufikia hapo Bawabu ameshamtupa vumbini kitambo, na hilo neno la moto linafika nyumba imeshakuwa majivu.

Watu si wajinga. Waliposhtukia mchezo wakaanza kupiga wakitanguliza "Dharura! Dharura!" Ilisaidia wiki mbili. Bawabu akagundua kwamba wengi wa hao wa dharura wanauliza bei ya mbegu za viazi, akaliingiza neno hilo kwenye orodha ya waongo. Ndipo mjanja mmoja akavumbua kuwa lipo neno ambalo Bawabu hathubutu kuligusa: Kicheko Kitamu. Hicho kilikuwa kipindi cha Wepesi wenyewe, watu wanaangushwa matopeni wenzao wanacheka, na kadi zote ziliamriwa kukipitisha njia ya lami usiku na mchana. Ukianza na "Kicheko Kitamu", Bawabu anakupigia saluti.

Basi ndivyo walivyoishi. Mama mkwe anapigiwa, "Kicheko Kitamu, shikamoo mama." Padri anapigiwa, "Kicheko Kitamu, Tumsifu Yesu Kristo." Na alipofariki mzee Mgaya, seremala aliyemjengea Skolastika nyumba, binti wa marehemu alimpigia sauti imejaa machozi: "Kicheko Kitamu, shangazi. Baba hatunaye." Siku ile Skolastika alikaa chini akalia, nusu kwa msiba na nusu kwa hasira, na kabla machozi hayajakauka akaanza kuandika Kiapo.

*

Leo alikuwa na sababu nyingine ya kutotulia. Chini ya mlima, katika zahanati ya Ihanga, mdogo wake wa mwisho, Yusta, alikuwa amelala juu ya kitanda cha upasuaji. Ana miaka arobaini na moja. Mimba mbili zilishaharibika. Hii ya tatu ilifika miezi tisa, lakini mtoto alikuwa amekaa kitako na hakukubali kugeuka, mkaidi kama ukoo mzima wa akina Mbilinyi.

Daktari hakuwepo Ihanga, na hakuwahi kuwepo. Kulikuwa na mkono wa chuma ulioning'inia juu ya kitanda, na Dokta Mwalongo, aliyekaa hospitali ya mkoa, kilomita themanini kutoka pale, aliuendesha kwa vidole vyake mwenyewe. Akikunja kidole, chuma kinakunja. Kwa usalama wa mgonjwa mkono ulikuwa na sheria moja: usipomsikia daktari wake kwa nusu sekunde, unajigandisha pale pale ulipo mpaka umsikie tena.

Ndiyo maana Skolastika alikuwa mnarani siku ambayo si zamu yake. Alivuta waya wa ndani kutoka zahanati mpaka kibandani, waya usiopita kwa Bawabu, ili asikie kila linalosemwa chumbani. Nesi Federika Luvanda, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, ndiye aliyeuliza kupitia waya huo, "Dada Skola, umeshakaa? Daktari anaanza saa tatu na robo."

"Nimekaa. Usisahau kufungua kwa lile neno lao la kipuuzi."

"Nitalisahauje? Mwanangu mdogo ndilo neno lake la kwanza."

Kabla Skolastika hajajibu, kioo cha mtambo kikawaka, akatokea mtu. Mtu kweli, mwenye pua. Alikuwa Reinfrid Kawogo, meneja mahusiano wa Wepesi, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa mpaka linatisha.

"Mama Mbilinyi, twende kwenye hoja," alisema. Hivyo tu. Hakuna hujambo wala kamwene. Watu waliozoea njia ya lami hawakuwa tena na habari ya kusalimiana.

"Na wewe hujambo," Skolastika akasema.

"Nimeona mdogo wako yuko mezani leo. Sisi si wanyama. Zahanati ya Ihanga tunaipa lami ya kudumu. Hakuna kusikilizwa, hakuna kupimwa, milele. Wewe ukiondoe Kiapo kabla ya kikao chetu cha Jumatatu."

Penye udhia penyeza rupia, Skolastika aliwaza, ila huyu rupia yake ni pumzi ya mdogo wangu. "Na Lugoda?" akauliza. Lugoda kilikuwa kijiji cha upande wa pili wa mlima, nacho kina zahanati na mkono kama wao.

"Lugoda si kwenu."

"Kwa hiyo watu wa Lugoda hawaumwi?"

Kawogo akapumua kwa pua. "Mama, njia ya lami ina upana wake. Ukiipa kila mtu si lami tena, ni uwanja wa mnada. Lazima mtu aamue nani atangulie."

"Na aliyeamua kwamba anayeangushwa matopeni atangulie ni nani?"

"Watazamaji milioni tisa." Akaangalia saa yake. "Kwenye kioo chako nimekuwekea kitufe. Ukibonyeza, umekubali, na Ihanga inapanda lami hapo hapo. Fikiria. Ni damu yako."

Akatoweka bila kuaga. Kitufe kikabaki, cha kijani, kizuri, kimeandikwa NDIYO.

Tusimtie Skolastika utakatifu asiokuwa nao. Alikitaka kitufe kile. Alikitaka mpaka kidole kikamwasha. Alijiambia vijiji arobaini na kimoja vimeishi na Bawabu miaka sita, havitakufa vikisubiri wa saba. Halafu akajiona anavyofikiri, akajichukia, akainuka kwenye ndoo, akaketi tena.

*

"Kicheko Kitamu!" Federika alipaza sauti saa tatu na robo kamili, na Bawabu akafungua lango. Taa ya Ihanga kwenye mtambo ikawaka kijani. Sauti ya Dokta Mwalongo ikaja safi, ya mtu mzima asiye na haraka. Mkono ukaanza kazi.

Yusta alikuwa macho. Walimpiga ganzi ya kiunoni, asisikie maumivu, lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Federika alishamwonya: usiseme neno. Akibanwa na kusema, aanze na lile neno. Yusta alikubali. Alikaa kimya dakika moja, tano, tisa. Skolastika alisikia vyuma vikigongana, na daktari akisema taratibu, "Vizuri. Nimefika kwenye mfuko. Mtoto yupo karibu sana."

Kisha daktari, kwa wema wake tu, akauliza, "Mama, unaendeleaje huko?"

Ilikuwa dakika ya kumi. Bawabu alikuwa ametega sikio.

Sasa wewe niambie. Mtoto wa mzee Mbilinyi, aliyelelewa kwa fimbo na adabu, amelala mbele ya mtu mzima aliyemzidi umri, mtu huyo anahangaika kumwokoa, naye tangu asubuhi hajamwamkia. Lilikuwa linamkera moyoni muda wote kuliko hata kisu.

"Salama, daktari," Yusta akasema. "Nisamehe sana, sikukusalimia. Shikamoo."

"Yusta, nyamaza!" Federika alipiga ukelele.

Taa ya Ihanga ikageuka kahawia. Marahaba haikuja. Hakikuja kitu. Kupitia waya wa ndani Skolastika alisikia mngurumo wa mkono ukikatika ghafla, kisha sauti ya Yusta, ya aibu, kama ya mtoto aliyevunja kikombe cha wageni: "Dada Federika, nimefanya nini?"

"Umegandisha mkono, mama. Tulia. Usitikisike, kisu kipo ndani." Federika alikuwa anahema. "Dada Skola! Unasikia? Damu inakuja. Nimekandamiza kwa chachi lakini sioni vizuri, chuma kimeniziba. Kicheko Kitamu! Kicheko Kitamu!"

"Hakusikii tena! Ameshasikiliza, mpaka dakika kumi nyingine zipite."

"Nikate nipige upya?"

"Usikate! Mkono ukiamka upya unajipima robo saa nzima. Utaweza kukandamiza mpaka lini?"

"Dakika tano," Federika akasema. "Mtoto sijui."

Skolastika alitukana tusi ambalo mama yake asingelipenda. Kidole chake kikaenda kwenye kile kitufe cha kijani, na safari hii hakikusita. Alikibonyeza.

Kioo kikamuuliza. Mashine nazo zina adabu yake, haziui bila kuomba ruhusa. Kiliandika: *Njia ya lami imejaa. Ili kupandisha Ihanga, atashushwa mwenye uzito mdogo: Zahanati ya Lugoda, mkono unaofanya kazi. Thibitisha?*

Akasoma mara mbili, kwani mara ya kwanza macho yalikataa. Njia ya lami ya mlima ule ilikuwa na nafasi nne. Tatu zilikuwa za Kicheko Kitamu, toleo la Jumamosi, la kumwonyesha mtu akianguka kwa pande zote. Nafasi ya Ihanga haikuwa imepoa hata dakika, kilishaikalia. Ya nne ilikuwa ya Lugoda. Huko nako kulikuwa na mtu mezani, na mwenzake anayemsubiri nje, na nesi aliyekumbuka kusema neno la kipuuzi.

"Mshushe huyo anayecheka!" Skolastika alikipigia kelele kioo. "Ana nafasi tatu, mshushe mmoja!"

*Kicheko Kitamu hakishushwi. Thibitisha?*

"Dada Skola." Sauti ya Federika ilikuwa imeshuka. "Dakika tatu."

Nyuma yake Yusta alikuwa analia polepole, akijizuia asitikisike. "Mwambieni dada asigombane na watu," alisema. "Ni kosa langu mimi."

Kosa lake! Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Skolastika. Mtu amesema shikamoo, anaomba radhi.

Alifungua mlango wa mtambo. Bawabu alikuwa pale, kadi ya kiganja, ametulia chini ya lakiri yake nyekundu. Kuvunja lakiri ile ni kufukuzwa kazi na kwenda jela, na maandishi yaliyosema hivyo alikuwa ameyabandika mwenyewe kwa gundi. Hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha ni kitu anachokijua fundi peke yake. Bila Bawabu, mlima mzima ungeingia njiani kwa pamoja: vipindi, salamu, bei za viazi, mikono yote miwili. Wangeweza kupita wote. Wangeweza pia kubanana mlangoni, na badala ya kumpoteza mmoja akawapoteza wawili, yule wa Lugoda kwa mkono wake yeye.

Mkono wa upasuaji, alijikumbusha, hauli njia. Amri ya kidole ni neno dogo. Picha moja ya mtu anayeanguka matopeni inakula kuliko mikono mia. Hivyo ndivyo alivyoandika katika Kiapo, ukurasa ule ule mmoja, mstari wa sita. Miezi saba aliwataka watu wamwamini. Sasa ilikuwa zamu yake kuamini maneno yake mwenyewe.

"Mungu wangu, kama nimekosea hesabu, nihukumu mimi," akasema, akaingiza bisibisi chini ya lakiri, akavunja, akaichomoa kadi.

Taa zote zikazimika.

Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Zikawaka nyeupe, zote pamoja, kubwa kwa ndogo, hakuna ya kijani wala ya kahawia. Ya Lugoda ilipepesa mara moja, ikatulia. Na katika waya wa ndani, kitu cha kwanza kufika, kilichokuwa kimekwama vumbini dakika zote zile, kilikuwa sauti ya mtu mzima asiye na haraka.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Kisha sauti ile ile, ya sasa hivi, ikiwa na hofu: "Nesi? Nesi, mnanisikia? Mkono umerudi. Ondoa chachi."

Mkono ukanguruma. Skolastika alikaa sakafuni, kadi mkononi, akasikiliza vyuma, na maji, na Federika akisema "Sukuma, daktari, nimemshika miguu," halafu kimya kirefu kilichomzeesha. Halafu mtu mpya akaanza kulalamika kwa nguvu zake zote.

"Ni wa kike!" Federika alipiga kigelegele mpaka kipaza sauti kikakwaruza. "Mkali huyo!"

"Yusta je?"

"Nipo, dada," Yusta akasema. "Daktari anashona. Nimpe pole au ninyamaze?"

"Mpe pole," Skolastika akasema, na hapo machozi yakamtoka. "Mpe pole, mwulize na watoto wake hawajambo. Ongea utakavyo."

*

Haikupita robo saa, kioo kikawaka. Kawogo. Shati halikuwa limenyooka tena.

"Umefanya nini? Kicheko Kitamu kinarukaruka mkoa mzima! Watu wananing'inia hewani hawaanguki! Rudisha kadi sasa hivi!"

Skolastika alikuwa amerudi kwenye ndoo yake. Kadi ilikuwa mfukoni mwa koti, pamoja na bisibisi. Nesi wa Lugoda alikuwa ameshapiga. Alimsalimia kwa kirefu, akaulizia baridi, akaulizia mavuno, ndipo akasema mgonjwa wao wa ngiri ameshatoka mezani salama, ila picha ya kipindi inakatikakatika, kuna nini? Skolastika alikuwa bado anacheka.

"Mama, unanisikia? Umevunja lakiri. Nitakupeleka polisi leo leo!"

"Nipeleke. Nitawaeleza yote, na kioo hiki kimehifadhi lile swali lenu la kumshusha mtu wa Lugoda, neno kwa neno. Na huyo utakayemtuma na kadi mpya, aje na Kiapo, kimesainiwa. Vinginevyo mlangoni mwa kibanda hiki ninalala mimi."

Kawogo akafungua mdomo. Skolastika akainua kiganja.

"Ila kabla ya hayo, kijana. Mimi ni sawa na mama yako. Leo asubuhi uliingia humu ukaanza na hoja, na sasa umeingia unaanza na kelele. Salamu kwanza."

"Hatuna muda wa—"

"Tunao. Njia ni moja, hakuna anayekushusha. Salamu kwanza."

Kijana alitazama pembeni, pengine akimtafuta mtu wa kumsaidia. Hakuwepo. Alipozungumza tena, neno lilimtoka kwa shida, kama mtu anayevaa kiatu cha zamani.

"Shikamoo, mama."

Skolastika akatazama saa ya ukutani. Mshale wa sekunde ukatembea taratibu, tano, nane, kumi, kumi na mbili. Uso wa kijana ulibaki kiooni, safi, haukukwama hata chembe, na yeye mwenyewe alikuwa anauona huo mshale.

"Marahaba, mwanangu," Skolastika akasema. "Nyumbani hawajambo?"